Arifa haijaingia? Angalia salio kwanza

Umeuza mbuzi pale Kipsing. Mnunuzi anasema ameshatuma pesa, lakini simu yako iko kimya. Je, umpe mbuzi aende?

Tuanze na safari ya arifa. Pesa ikiingia, kompyuta zetu hupeleka ujumbe kwa huduma ya Google iitwayo Firebase Cloud Messaging (kwa iPhone, hupitia Apple). Huduma hiyo ndiyo hukuletea arifa kwa intaneti. Kama bando limeisha, umezima data au uko mahali pasipo na mtandao, ujumbe husubiri huko. Google inaweza kuuhifadhi hadi siku 28! Simu ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri, pia arifa inaweza kuchelewa.

Kwa hivyo arifa ni mjumbe tu. Pesa yenyewe iko kwenye akaunti. Fanya hivi:

1. Angalia salio kabla mnunuzi hajatuma, kisha uangalie tena akishatuma.
2. Kama huna bando, tumia menyu ya USSD (kwa M-Pesa ni *334#). Haihitaji intaneti, mradi laini ina mtandao.
3. Usiamini picha ya skrini ya mnunuzi, wala SMS iliyotoka kwa namba ya mtu.
4. Kwenye mipangilio ya simu, ruhusu arifa za programu yetu na uiondolee vizuizi vya betri.

Salio halijaongezeka? Basi mbuzi abaki kwako kwanza. Likiongezeka, mkabidhi mnunuzi kamba, hata kama arifa bado iko njiani.