Mtoto Mgongoni, Baba Mkwe Kitandani

Ndugu wanandoa, tazameni nyumba ambayo wengi wetu wa Kitui na Makueni tunaijua. Mume yuko kazini Mombasa. Mke amebaki na mtoto wa miaka mitano, mwingine anayenyonya, na baba mkwe aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua kufika, mama huyu huamka gizani kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Akirudi, uji haujapikwa, mtoto analia, na mzee amelala penye majimaji.

Ni nani atakayemwosha? Hapo ndipo penye shida. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Mkaza mwana hapaswi kuuona utupu wa baba mkwe wake, na mzee mwenyewe huona afadhali abaki na uchafu kuliko kuaibika. Jioni mume hupiga simu: "Nimetuma pesa, mbona mzee hatunzwi?"

Mume mpendwa, pesa hizo ni njema, lakini haziogeshi mtu. Katika Amri ya Nne wewe ndiwe mwana wa mzee huyo. Ukipata nafasi mwisho wa mwezi, njoo umwoshe, umnyoe, umgeuze kitandani. Kwa siku zilizobaki, keti na ndugu zako mkubaliane ni kijana gani wa ukoo atakayekuja asubuhi, na kila mmoja atachanga kiasi gani. Mkeo asiwe wa kwanza kuombwa na wa mwisho kuulizwa. Na tusijifiche nyuma ya kwaya au kamati ya parokia: katika Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea waliotumia sadaka kuwa kisingizio cha kutowasaidia wazazi.

Nawe mke, sema mapema. Wengine hunyamaza mpaka siku mtoto anachapwa kwa kumwaga uji, kumbe hasira ni ya mambo mengine. Wala usimwite mzee mzigo mbele ya watoto. Kifungua mimba wa kiume amepewa jina la babu yake. Akisikia babu akidharauliwa, anajisikia yeye.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kumpelekea babu kikombe na kusikiliza hadithi. Ila msimwachie mzee mtoto anayetambaa. Mkono mmoja hautamwahi asifike motoni.

Kuna pia zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, kwa wazee walioandikishwa wa miaka 70 na zaidi. Ni zake. Zikinunua sare ya mjukuu, awe amekubali mwenyewe.

Usiku huu, watoto wakishalala, ulizaneni wawili, hata kwa simu: Juma hili ni nani aliyemwosha mzee? Na mama wa nyumba alipumzika lini?