Cheti cha Ndama Huanza Siku ya Kupandisha

Bwana mkulima, wengi hudhani kuandikisha ndama wa ukoo safi ni kazi ya karatasi nyingi. Sivyo. Fomu yenyewe si ngumu. Lililo gumu ni kukumbuka.

Nunua daftari la shule. Kila ng'ombe apewe ukurasa wake. Siku anapopandishwa kwa sindano andika tarehe, jina la fahali na nambari yake, kisha bandika papo hapo karatasi uliyopewa na mpandishaji. Usiitie mfukoni mwa koti, koti hufuliwa.

Ndama akizaliwa, hesabu siku. Mimba ya ng'ombe huchukua kiasi cha siku 280. Zikifika 300, yaelekea alirudi joto baada ya siku 21 akapandwa na dume la jirani. Basi usimwandike fahali wa kwenye karatasi kuwa ndiye baba. Mtie ndama hereni ya nambari kabla hajachanganyika na wenzake, na kama ni Friesian mchore mabaka yake pande zote mbili.

Hapo fomu ya Kenya Stud Book, iliyoanzishwa mwaka 1920, utaijaza kwa kunakili tu. Hata ng'ombe wa gredi asiyejulikana ukoo aweza kuanzia daraja la chini, na wanawe wapande daraja kizazi kwa kizazi, mradi baba zao wawe wameandikishwa.

Daftari hilo mwonyeshe mpandishaji kila ajapo, asije akampa mtamba mbegu ya baba yake mwenyewe.