Mchague Muuzaji Kabla ya Kuchagua Paneli

Kwa kaya ya mkulima katika Kata ya Litapunga, Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, fedha za kununulia kitu kikubwa hupatikana mara moja kwa mwaka, mazao yanapouzwa. Mfumo wa umeme wa jua ukinunuliwa kwa fedha hizo na kuharibika baada ya miezi mitatu, hasara yake ni jasho la msimu mzima. Somo hili linahusu namna ya kumchagua muuzaji wa mfumo huo, iwe duka liko kijijini, liko Mpanda mjini, au muuzaji amekuja mnadani.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei ya paneli. Swali hilo ni la lazima, lakini si la kwanza. Mfumo wa jua hautumiki siku moja ukaisha. Unatarajiwa kufanya kazi kwa miaka. Katika miaka hiyo betri itachoka, waya utalegea, na radi au mvua itafanya yake. Kwa hiyo, pamoja na paneli, mnunuzi ananunua ahadi ya muuzaji kwamba atapatikana siku ya tatizo. Ahadi hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa kwanza.

1. Fahamu mahitaji yako kabla ya kwenda dukani

Muuzaji hupata nafasi ya kumpotosha mnunuzi asiyejua anachohitaji. Tuchukue mfano wa kaya yenye taa nne za wati 5 zinazowaka kwa saa 5, televisheni ya wati 30 kwa saa 4, redio ya wati 5 kwa saa 6, na simu tatu za kuchaji. Taa hutumia wati-saa 100, televisheni 120, redio 30, na simu takriban 30. Jumla ni wati-saa 280 kwa siku.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa inatakiwa kudumu. Hivyo kaya hii ina akiba ya takriban siku mbili. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa 4, na baada ya kuondoa upotevu, itarudisha karibu wati-saa 300. Inatosha wakati wa kiangazi. Katika miezi ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, mawingu yataipunguzia nguvu. Ni busara kuongeza ukubwa wa paneli au kupunguza matumizi.

Andika hesabu yako kwenye karatasi na umpe muuzaji. Muuzaji mzuri ataisoma, atauliza maswali na huenda akairekebisha. Anayekwambia tu kwamba "hii inawasha kila kitu" hajakusikiliza. Karatasi hiyo ina faida nyingine: chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi anapomweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia na kutegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Bakiza nakala.

2. Mpime muuzaji

Jiulize na umuulize:

(a) Je, ana duka la kudumu na leseni ya biashara, au anauza juu ya gari na kuondoka jioni? Muuzaji wa mnadani anaweza kuwa mkweli, lakini betri ikifa mwezi ujao utampata wapi?

(b) Je, yuko tayari kukuonyesha mteja wa jirani aliyenunua kwake mwaka mmoja au zaidi uliopita? Mtembelee mteja huyo. Usimuulize kama taa zinawaka. Muulize kilichotokea zilipozimika.

(c) Nani atafunga mfumo? Mafundi wa ufungaji umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Omba kuiona leseni ya fundi. Uliza pia kama gharama ya ufungaji na usafiri hadi Litapunga imo ndani ya bei.

(d) Dhamana inamaanisha nini kwa vitendo? Paneli nyingi huja na maandishi ya dhamana ya miaka 25 kutoka kwa mtengenezaji. Mtengenezaji huyo yuko mbali. Bila duka la kupokea malalamiko, miaka hiyo haitakusaidia. Taka dhamana ya duka lenyewe kwa maandishi: muda wa kila kifaa peke yake, nani atalipa nauli ya kurudisha betri mbovu, na utasubiri siku ngapi.

3. Ipime bidhaa mbele ya muuzaji

Tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale inapohusika, jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa. Lebo inaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo.

Paneli ya wati 100 inahitaji eneo la takriban nusu mita ya mraba au zaidi. Yenye upana wa sinia ya chai haiwezi kutoa nguvu hiyo, hata lebo iseme nini. Omba itolewe nje saa sita mchana, ipimwe kwa multimita. Ya mfumo wa volti 12 inapaswa kutoa ampea 5 hadi 6 kwenye jua kali. Ikitoa 2 au 3, si ya wati 100. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa takriban kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila taabu, tilia shaka.

Muuzaji anayekataa kipimo amekwisha kukujibu.

4. Malipo na risiti

Ukilipa kwa simu, lipa kwenye namba ya biashara yenye jina la duka, si namba binafsi ya mfanyakazi. Ukinunua kwa mkopo, uliza jumla ya fedha utakazokuwa umelipa mwisho wa mkataba, na kama mfumo hufungwa malipo yakichelewa. Linganisha jumla hiyo na bei ya taslimu.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki inayoonyesha kiasi halisi ulicholipa, na orodha ya vifaa na ukubwa wake. Ukikubali risiti ya kiasi pungufu ili upunguziwe bei, siku ya madai utathibitisha kiasi hicho pungufu tu.

Risiti nyingi huandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wake bidhaa inapokuwa mbovu au tofauti na alivyoieleza. Hata hivyo, hayakupi haki ya kurudisha bidhaa nzima kwa sababu umebadili mawazo.

5. Tatizo likitokea

Acha kutumia kifaa, kipige picha, na usimruhusu fundi mwingine kukifungua. Mwandikie muuzaji, ukitaja tarehe ya ununuzi, kasoro na siku unazompa. Asipojibu, mwone Afisa Biashara wa halmashauri lilipo duka. Kama duka liko Mpanda mjini, ni Manispaa ya Mpanda, si Nsimbo. Malalamiko ya udanganyifu au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ya ubora hupelekwa TBS. Popote uendapo, utaulizwa risiti kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kaya yako hutumia wati-saa ngapi kwa siku?
2. Betri yako ikifa mwezi wa tano, utampelekea nani, na nauli italipwa na nani?
3. Je, majibu ya swali la pili yameandikwa popote?

Kama jibu la swali la tatu ni hapana, bado hujamaliza kununua. Usitoe fedha.