Jeraha la Ubongo na Homa
Chini ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kazi yake ni kama ya mtunza moto: huulinda mwili ubaki karibu na digrii 37 za Sentigredi. Mtu akiumia kichwani, sehemu hiyo ikadhurika, aweza kushikwa na homa kali ingawa hana malaria wala kidonda kilichotunga usaha. Joto hilo huzidi kuudhuru ubongo. Daktari huchunguza kwanza kama kuna ugonjwa mwingine, kisha hutoa parasetamoli. Lakini mara nyingi homa ya namna hii haitii dawa hiyo, ndipo mgonjwa hupozwa kwa maji na upepo. Nyumbani asipewe aspirini, maana yaweza kuzidisha kuvuja damu kichwani. Na apelekwe hospitali upesi.