SOMO: PUNDA AKIUMWA TUMBO, USINGOJE KESHO



Wengi wetu hapa Dadaab tunaishi kwa mgongo wa punda. Ndiye anayeleta maji, kuni, na magunia siku ya mgao. Leo tujifunze juu ya ugonjwa unaomwua upesi, yaani msokoto wa tumbo.

Farasi akiumwa tumbo utamjua tu: hujigaragaza, hutoka jasho, hupiga teke tumbo lake. Punda huficha maumivu. Husimama peke yake, kichwa chini, masikio yamelegea, chakula hataki. Mwenye mkokoteni husema, "Amechoka tu." Hapo ndipo tunapokosea. Punda akifika kujigaragaza, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Kila asubuhi, kabla hujamfunga mkokoteni, tazama mavi yake. Je, ni mapya? Au ni machache, makavu, yenye utelezi? Weka sikio ubavuni. Tumbo zima hunguruma. Likiwa kimya kabisa ni hatari. Kisha tafuta mshipa chini ya taya uhesabu mapigo kwa dakika moja. Punda mzima aliyetulia hupiga mara 36 hadi 52. Yakizidi 60 naye amepumzika, kimbilia msaada.

Kwa nini haraka? Punda asiyekula, mafuta ya mwili wake humwagika katika damu na kuharibu ini. Jambo hili laweza kuanza kwa siku moja au mbili tu, na humwua hata kama tumbo lenyewe limepona. Punda mnene na jike mwenye mimba wako hatarini zaidi.

Basi mfungue mkokoteni, mpeleke kivulini, ondoa chakula, mwachie maji. Tuma mtu kwa mhudumu wa mifugo saa hiyo hiyo, aeleze punda alikula lini mara ya mwisho, alikula nini, alikunywa lini, alipata choo lini, na mapigo uliyohesabu. Usimmiminie mafuta ya kupikia wala soda mdomoni. Yakiingia mapafuni yatamwua. Usimpige ili ainuke. Usimdunge dawa iliyobaki ya mbuzi. Ikibidi kumpeleka mbali, mchukue na mwenzake aliyemzoea, kwa maana punda akitenganishwa na rafiki yake huzidi kukataa chakula. (Msicheke, ni kweli.)

Kiangazi kilichopita jirani alinijia jioni akasema punda wake hali. Nilimjibu angoje asubuhi kwa sababu ofisi imefungwa. Namba ya simu ya mhudumu nilikuwa nayo mfukoni. Punda alikufa kabla ya alfajiri. Tulipompasua tulikuta mifuko ya plastiki na kamba, vyote vimesokotana kama mpira. Labda asingepona. Lakini nafasi yake niliizuia mimi, na leo jirani yule na watoto wake wanabeba majerikeni kwa mikono.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini ya zamani na vipande vya magunia bado vimetapakaa, hasa karibu na soko. Usimwache punda ale jalalani. Mpe maji kabla ya kazi na baada ya kazi, na chakula kipya mwanzishie kidogo kidogo.

Kama huna namba ya mhudumu wa mifugo, mwulize kiongozi wa bloku yako leo, uiandike ukutani karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto ataiona usiku.