Meza Ilitoka Roma, Mwezi Haukutoka Huko

Walimu wa Kitale, pamoja na wasomaji kadhaa wa Bungoma, wanauliza jambo moja: Ni kweli "meza" ni neno la Kilatini? Lilifikaje kwetu?

Ni kweli, ila halikuja kwa mkupuo mmoja. Warumi walisema mensa. Katika mazungumzo ya kila siku n iliyotangulia s ikadondoka, na haikudondoka katika neno hili peke yake: mensis, yaani mwezi, ni mes kwa Kihispania na mês kwa Kireno. Ndivyo lugha hizo mbili zilivyobaki na mesa, na Kiromania masă. Wafaransa na Waitaliano walishika tabula, wakapata table na tavola. Waitaliano wakaiacha mensa kwa bwalo la chakula. Wareno walifika pwani yetu 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593, wakaipoteza 1698. Mesa yao hutamkwa kwa z katikati, na Waswahili walishika walichokisikia: meza. Kwa njia hiyohiyo vinho ikawa mvinyo, bandeira ikawa bendera, na igreja, yaani kanisa, ikawa gereza. Meza ikapanda bara hadi kwa Wabukusu, ambao lugha yao haina z. Kama mbuzi alivyo embusi, meza ni emesa.

Mwanangu huchekwa darasani akisema "mesa". Anaharibu Kiswahili?

Katika insha ya Kiswahili sanifu aandike meza. Lakini kumcheka ni ujinga. Ipo orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, ambamo mwalimu wa Kilatini anawaonya watu waseme mensa, wasiseme mesa. Onyo lake limebaki kama ushahidi wa jinsi watu walivyokuwa wakisema, na lile alilolipiga marufuku ndilo lililorithiwa na Kihispania na Kireno. Mtoto anayesema mesa anafuata kanuni ya lugha ya nyumbani kwao bila kukosea hata mara moja. Mwalimu mwenye busara angeanzia hapo.

Barua nyingi, karibu zote zikinukuu ujumbe uleule unaozunguka kwenye simu: "Mwezi" nao si ulitoka kwa mensis?

Haukutoka. Ujumbe huo umeandikwa na mtu aliyetazama maneno mawili yaliyosimama, asiyaone yakitembea. Tia maneno katika wingi. Mwezi huwa miezi. Kwa Kibukusu kumwesi huwa kimyesi. Waganda husema omwezi. Ile m ya mwanzo ni kiambishi cha ngeli, ileile ya mti na miti. Ukiivua unabaki na -ezi, au -esi kwa Wabukusu. Katika mensis m ni sehemu ya mzizi wenyewe. Ukiivua umeharibu neno. Sasa rudi kwenye meza: meza moja, meza kumi. M yake haibanduki, kwa kuwa neno liliingia zima kama mgeni na mzigo wake. Kufanana kwa sura kunaweza kuwa sadfa, na sadfa kati ya maneno mafupi ni nyingi mno.

Mtu makini atanipinga hapa: ikiwa emesa ilitoka kwa meza, kwa nini kumwesi nayo isiwe mkopo kutoka kwa mwezi, maana z imegeuka s pande zote mbili? Pingamizi hilo ni zuri, na z peke yake haiwezi kulijibu. Sarufi inalijibu: kumwesi imevaa ku- na kubadili ngeli kama kumusala, mti, na kimisala, miti. Emesa imeingizwa katika ngeli ya wageni wengi, wingi wake chimesa. Kisha sikiliza t. Tano ya Waswahili ni rano kwa Wabukusu, tuma ni ruma, na omutwe wa Waganda, kichwa, ni kumurwe. Hayo ni maneno ya ukoo, yaliyopitia badiliko hilo zamani. Motokaa ilikuja badiliko likiwa limekwisha pita, ndiyo maana hakuna anayesema moroka.

Kibukusu si ni Kiswahili kilichopinda?

Hapana. Ni ndugu wawili.

Masimulizi yanasema Wabukusu walitoka Misri. Maneno yetu hayathibitishi hivyo?

Masimulizi ya wazee yapelekwe kwa wanahistoria, yapimwe kwa heshima. Maneno yenyewe ni ya Kibantu, na orodha za "Kibukusu na Kimisri" zinazouzwa mitaani zina kasoro ileile ya mwezi na mensis: neno moja hapa, neno moja kule, bila badiliko hata moja linalojirudia.

Mkileta maneno mengine, niandikieni umoja na wingi wake, na mengine angalau matatu yenye sauti ileile. Neno moja lililo peke yake sitalijibu.