MAZOEA YA MAISHA NA AFYA YA AKILI
Somo kwa wanaojitayarisha kwenda Chuo Kikuu

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Oktoba au Novemba, vijana wa mkoa wetu wa Songwe hufunga mizigo kwenda vyuo vikuu. Wengine huenda karibu, mjini Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wengine huenda Morogoro, Dodoma au hata Dar es Salaam, ambako ni safari ya kilomita zaidi ya 900 kutoka hapa Tunduma. Wazazi huwanunulia godoro, ndoo na sanduku, na walimu huwapa nasaha juu ya masomo. Lakini jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni namna ya kuilinda akili itakayoyabeba masomo hayo. Basi somo letu la muhula huu ni juu ya jambo hilo.

1. Afya ya akili ni nini?

Watu wengi wakisikia habari za maradhi ya akili humfikiria mara moja mtu aokotaye makopo barabarani. Sivyo. Afya ya akili ni uwezo wa mtu kufikiri vema, kustahimili taabu za kawaida, kufanya kazi yake, na kukaa vizuri na wenziwe. Kama vile mwili unavyoweza kupata mafua au homa kali, kadhalika akili huweza kuugua kidogo au kuugua sana.

Huzuni ya siku mbili baada ya kushindwa mtihani si ugonjwa, ni ubinadamu. Lakini huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, na kutofurahia tena mambo yaliyompendeza mtu hapo kwanza, hiyo ni dalili ya maradhi. Na maradhi hayo yana tiba.

Kwa nini tunawaambia vijana habari hizi? Ni kwa sababu maradhi haya hayangoji uzee. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya maradhi ya akili ya maisha yote ya watu huanza mtu akiwa na miaka 14 au chini yake, na robo tatu huwa yamekwisha kuanza afikapo miaka 24. Miaka ya chuo kikuu imo ndani ya hesabu hiyo.

2. Mahali pasipo na kengele

Hapa shuleni kengele hutuamsha, hutuita kwenye uji, hutupeleka darasani, hututoa uwanjani jioni, na hutuamuru kuzima taa. Wengi huilalamikia, lakini ndiyo inayotulalisha na kutulisha kwa wakati. Chuo kikuu hakuna kengele. Hakuna mwalimu wa zamu atakayeuliza kwa nini hukula, wala kwa nini ulilala alfajiri na kuamka adhuhuri. Siku ile ile mwanafunzi anapopokonywa kengele, hupewa chumba, simu isiyomwangaliwa na mtu, na fedha za mkopo ambazo wanafunzi wenyewe huziita "bumu". Huo ni uhuru mkubwa kufika kwa mara moja.

Mazoea hayaharibiki kwa siku moja. Bandu bandu huisha gogo. Na tutazame sasa bandu zenyewe.

3. Usingizi

Wanafunzi wa chuo husifiana kwa kukesha. Mwenye kulala mapema huonekana mvivu. Lakini ubongo haulali kama jiwe. Wakati wa usingizi huyapanga na kuyaimarisha yale tuliyojifunza mchana. Anayekesha usiku mzima kabla ya mtihani amekusanya mavuno na kuyaacha shambani bila ghala. Kijana wa miaka 18 hadi 25 huhitaji usingizi wa saa 7 hadi 9 kila usiku, na ninyi mlio chini ya hapo mnahitaji zaidi, saa 8 hadi 10. Mtu akipunjika usingizi kwa muda mrefu huwa mwepesi wa hasira, mzito wa kukumbuka, na wasiwasi humwingia kwa urahisi.

Sisi wa Songwe ni watu wa kahawa. Mbozi yajulikana kwayo. Basi na tufanye hesabu ya kahawa. Kile kinachoamsha ndani ya kahawa, na ndani ya vinywaji vya kuongeza nguvu viuzwavyo madukani, hubaki nusu katika mwili wa mtu mzima baada ya saa 5 hivi. Ukinywa kikombe saa 4 usiku, ifikapo saa 9 usiku nusu yake ingali inafanya kazi, na saa 2 asubuhi ungali na robo. Kwa hiyo mtu alalamikaye kwamba hapati usingizi, kwanza na aulizwe alikunywa nini jioni.

Simu nayo ni mwizi wa usingizi. Mwanga wake huuambia ubongo kwamba ni mchana, na habari zilizomo humo hazina mwisho. Iwekwe mbali na kitanda.

4. Fedha na chakula

Fedha za Bodi ya Mikopo huja kwa mafungu. Siku ya bumu kuna kuku na chipsi. Baada ya majuma machache wengine hupiga "pasi ndefu", yaani kuuruka mlo ili kufika jioni. Wengine hutafuta kurudisha fedha kwa kubashiri mipira, na mkeka ukichanika huenda kukopa kwa wale waitwao "kausha damu". Hapo mwanafunzi haumwi tumbo tu. Deni humwamsha usiku, aibu humfanya awakimbie rafiki zake, na darasani yupo kwa mwili tu.

Dawa yake ni ndogo, nayo huanza siku ya kwanza. Gawa fungu lako kwa idadi ya majuma. Ondoa kwanza chakula na pango. Kinachobaki ndicho cha mengine.

5. Pombe na bangi

Tunduma ni mji wa mpaka, na malori husimama hapa yakingoja kuvuka Nakonde. Vijana wetu wameona ulevi tangu utotoni. Tangu tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, kwa kuwa ziliwafikia hata watoto. Lakini chuoni pombe hupatikana katika chupa, na mwenye huzuni hudhani imemtibu. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huuvunja usiku wa manane; na kesho yake huzuni hurudi na mwenziwe. Bangi nayo, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake ungali unakua, huongeza hatari ya kupata wazimu.

6. Mwili, jua na wenzi

Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na vijana wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Si lazima kuwe na uwanja wa fahari. Kutembea kwa haraka kwenda kipindini kunatosha kuwa mwanzo. Mazoezi hupunguza huzuni na wasiwasi, na mwanga wa asubuhi huirekebisha saa iliyomo mwilini, ili usingizi uje kwa wakati wake. Kadhalika tafuta wenzi: kikundi cha kusoma, kwaya, timu, au watu wa kwenu. Mtu ni watu.

7. Si kila mgonjwa amejitakia

Hapa yapasa tuwe waangalifu. Mtu anaweza kulala vema, kula vema, asiguse pombe, na bado akaugua akili, kama vile mtu msafi awezavyo kupata malaria. Mazoea mema hupunguza hatari, hayaifuti. Tena mara nyingine kukosa usingizi ni dalili ya ugonjwa, si chanzo chake. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "jikaze tu" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie.

8. Neno kwa wazazi

Mtoto akirudi likizo amekonda, hasemi, hataki kutoka chumbani, msikimbilie kusema amerogwa, wala kwamba ni kiburi cha usomi. Muulizeni, kisha mnyamaze mpate kumsikia. Mficha maradhi kilio humuumbua. Msaada upo: ofisi ya mshauri wa wanafunzi na zahanati chuoni, hospitali ya mkoa hapo Vwawa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, na Hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Na mtu akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake, wala jambo hilo lisingoje kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Tena msidharau nguvu ya kusikilizwa. Ng'ambo ya Zambia, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye mawazo mengi, kwa kuwa madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwa njia hiyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kila kijiji chetu kina bibi, na kila shule ina mti wenye kivuli.

Dereva wa lori hapimi breki akiwa katikati ya mteremko; huzipima kabla ya kuondoka. Basi nanyi, wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, anzeni sasa kujipigia kengele wenyewe. Siku za Jumapili, ambapo kengele ya shule ni chache, jaribuni kulala, kuamka na kusoma kwa saa mlizozichagua. Atakayeweza hapa ataweza na huko.

MASWALI

1. Mwanafunzi alikunywa kikombe cha kahawa saa 12 jioni. Ni sehemu gani ya nguvu yake itakayokuwa imebaki saa 10 usiku?
2. Una shilingi 300,000 za majuma 10. Andika namna utakavyozigawa.
3. Eleza tofauti ya huzuni ya kawaida na dalili za maradhi.
4. Jadilianeni: "Asiye na kengele ya nje, awe na kengele ya ndani."